Chakula cha shule Dar: mzabuni mmoja au wakulima wa jirani?

Ada ilifutwa Januari 2016, lakini sufuria ya uji bado inategemea michango ya wazazi. Tuseme serikali inatia mkono: inunue kwa nani?

Mzabuni ni rahisi. Simu moja tu, magunia ya mahindi na maharage yanashushwa kutoka soko la Tandale, makande yanapikwa wiki nzima. Risiti moja, mhasibu analala usingizi. Ila mboga hana, na unga wake mara nyingi ni sembe, mweupe pe, virutubisho vimebaki kwenye pumba.

Mkulima wa Kigamboni au Kisarawe analeta mchicha wenye umande na mihogo iliyong'olewa jana. Kasheshe ni malipo: yakichelewa miezi miwili, hana mtaji wa kusubiri, anarudi kwa madalali. (Mchicha wa Bonde la Msimbazi mimi siutaki, uchafu wa maji yale tunaujua.)

Brazil iliamua kwa sheria ya mwaka 2009: angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule ziende kwa wakulima wadogo. Ningekuwa mimi, nafaka ningemwachia mzabuni. Mboga na mihogo kwa mkulima, alipwe siku hiyohiyo mzigo unapopokelewa.