Kipimo cha seli za kinga cha mtoto: mashine safi, karatasi ya majibu ndo tatizo (nyota 3 kati ya 5)

Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu maana mi nilitafuta maoni kuhusu hiki kipimo nikakosa. Jina la maabara silitaji, ni ya binafsi hapa Dar.

Mwanangu hadi miezi sita alikuwa mzima kabisa, baada ya hapo nimonia mara tatu, masikio yanatoa usaha, dozi ikiisha kesho kutwa kaanza tena. Daktari akammulika kooni, tonsesi hamna, pako flati, akaniuliza upande wa mama yako kuna watoto wa kiume walikufa wadogo? Nikabaki kimya. Wajomba zangu wawili walifariki hawajaanza shule na ukoo mzima unajua walirogwa.

Tukaandikiwa kuhesabiwa seli. Mapokezi wakajaza CD4 peke yake, ile ya ukimwi, nikawaambia dada soma fomu, kuna CD3 na CD8 (alama za seli T, aina moja ya seli za kinga) na CD19 pia, hiyo CD19 ndo alama ya seli B, zile za kutengeneza kingamwili, ndo tunazozitafuta. Aliyetoa damu nampa tano zote, mshipa kaupata mara moja, chupa ya kifuniko cha zambarau, halafu akamfokea kijana aliyetaka kuitia kwenye friji, "hiyo inakaa nje, na ipimwe leo leo."

Majibu siku ya tatu: seli T tele, CD19 asilimia 0.1. Sawa. Ila viwango vya kulinganishia wameweka vya mtu mzima jamani! Mtoto wa mwaka mmoja limfosaiti zake, yaani hizo seli za kinga, ni nyingi kuliko zetu, kwahiyo aliyepungukiwa karatasi inaweza kumwona yuko fiti. Sisi zilikuwa karibu na sifuri, hazikujificha, ila wa mwenzangu zilizoshuka nusu tu si ataambiwa nenda nyumbani? Na wametoa asilimia tupu, idadi kamili nilirudi kuidai.

Cha jeni wanatuma nje, wiki saba, bei imesimama ila hapo sina neno. Ni jeni ya BTK, iko kwenye kromosomu X, ikiharibika seli B zinakwama kwenye uboho hazikomai na kingamwili hazitengenezwi, ile miezi sita alikuwa anatumia zangu nilizompa tumboni. Daktari Bruton wa Marekani kaueleza ugonjwa huu tangu 1952, jeni yenyewe ikajulikana 1993. Na mimi wamenipima, ninaibeba, siumwi sababu nina X mbili, ila kila mtoto wa kiume nitakayezaa ni pata potea. Mama nilipomsomea aliuliza mara mbili kama ina maana yule bibi jirani hakuwa na kosa.

Sasa anatundikiwa imunoglobulini, yaani kingamwili za watu wengine, kila wiki nne, masikio yamekauka. Nyota ya nne ntaongeza wakibadilisha ile karatasi.