Rondo au Ruvuma?

Ukitafuta kijumba cha kujificha siku mbili, mimi napanda Rondo, Lindi. Ni uwanda wa juu. Asubuhi ukungu unalala mitini hadi chai inakupoa mkononi. Msituni humo anaishi komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, wa kutosha kiganjani. Kumwona ni bahati, maana hutembea usiku. Hondohondo hawajifichi: wanapita juu ya bati, mabawa yakivuma. Ila mvua ikinyesha, bodaboda huipandi, unaisukuma.

Kilambo, Mtwara, una Ruvuma mbele yako, Msumbiji ng'ambo, na mdiria akichupa majini. Joto kali, mbu tele. Kuoga mtoni usithubutu, mamba na viboko wamo.