TAHADHARI: Flashi ya "terabaiti 2" imenilia picha zote, na muuzaji bado anauza

Jamani, naandika hii nikiwa na hasira, mkikuta herufi zimerukana mnisamehe. Yule muuzaji wa vifaa vya kompyuta niliyewasifia mwenyewe, nikawaambia "mwendeeni, anaelewesha mtu mpaka unaelewa", ni tapeli. Nafuta kila neno zuri nililomsemea. Na ninyi watatu mliokwenda kwake kwa maneno yangu, nawaomba radhi kabla hamjafika chini, halafu nawaomba msiguse hizo flashi mpaka mmalize kusoma.

 Mjue kwanza kwamba nasoma kozi ya kompyuta utu uzima huu. Ninachotaka mjue ni ile siku ya kununua, maana nimeirudia kichwani usiku kucha na bado sioni ni wapi mwanafunzi kama mimi angeshtuka.

Ticha wetu alikuwa ametuambia neno moja nililolishika kama dua. Alisema, "Boksi linaweza kuandikwa chochote. Msinunue kwa kusoma boksi, chomekeni, muone kompyuta inasemaje." Nami wakati huo nilikuwa nimejaa kiburi cha mtu aliyejua kusoma juzi. Nilishajua kwamba RAM ni kama meza unayofanyia kazi na diski ni kabati la kuhifadhia. Nilishajua megabaiti ziko ndani ya gigabaiti, gigabaiti ziko ndani ya terabaiti. Nilishajua hata kwamba ENIAC, kompyuta ile ya kale, ilizinduliwa mwaka 1946 na ilijaza chumba kizima. Mtu anayeijua ENIAC anatapeliwaje na kitu kidogo kuliko kidole gumba? Hapo ndipo panaponiuma zaidi ya hela.

Basi nikafika kwake, nikaiona flashi kwenye boksi lake, imefungwa nailoni, imeandikwa 2TB kwa herufi za fedha. Nikamwambia kwa sauti ya mjuzi, "Naomba nichomeke kwanza." Nilitegemea anune. Hakununa. Alifungua nailoni mbele yangu, akanisogezea kompyuta yake akasema, "Chomeka mwenyewe dada, mimi sitaki mteja anunue kwa kunisikiliza." Mnamsikia? Maneno ya ticha yanatoka mdomoni kwa mwizi!

Nikachomeka. Kompyuta ikalia ule mlio wake. Nikafungua mahali diski zinapoorodheshwa, nikaiona mpya imejitokeza, chini yake ule mstari wa nafasi ukiwa mtupu kabisa, na maandishi: TB 2.00. Sikuridhika, nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya nikaenda kwenye sifa zake, lile duara nalo likasema vilevile. TB 2.00 kamili.

Na hapa nataka mshuhudie kwamba sikuwa mjinga mtupu. Nilimwuliza. Mwenzangu wa darasani ana diski ya nje ya terabaiti 2, na yeye kompyuta yake inaonyesha 1.81. Nikamwuliza muuzaji, "Mbona ya mwenzangu inasoma 1.81?" Akacheka kwa huruma, kama anamcheka aliyeibiwa. "Ndiyo hao sasa, wanapunja. Mtu amelipia mbili anapewa moja na kitu. Yangu imetimia, si umeiona kwa macho yako?" Nikaona kweli. Nikamwonea mwenzangu huruma. Nikakumbuka hata kumpigia simu nimwambie ameibiwa, na nilimpigia, na hilo nalo ni la kwenda kumwomba msamaha.

Kisha akanakili video moja kwenye flashi, akaichomoa, akaichomeka tena, video ikacheza. Nikatoa hela. Bei siisemi, mtanicheka mara ya pili. Wakati natoka akaniita, "Dada, usiijaze kwa mpigo, itapata joto. Weka kidogo kidogo." Nikamshukuru kwa ushauri. Nikamshukuru!

Usiku ule nikaanza kuhamisha vitu. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa, ule mstari ulishageuka mwekundu. Na sasa fahamuni aibu yenyewe, maana bila aibu hii hasara ingekuwa ya hela tu. Darasani tulikuwa tumejifunza Ctrl+C ya kunakili na Ctrl+X ya kukata. Mimi nikaona kukata ndiko kwa watu walioiva: unachagua folda, unakata, unabandika kwingine, kazi imekwisha, hakuna kurudi kufutafuta. Nikakata. Picha za miaka yote, video za harusi ya mdogo wangu, vyeti nilivyovipitisha kwenye skana, kazi za darasani, yale mazungumzo ya mama niliyoyarekodi. Gigabaiti 140 na ushee. Ilikwenda polepole mno, ikala usiku mzima na asubuhi bado inasogea. Nikasema moyoni, mambo mazuri hayana pupa. Ilipomaliza haikulalamika hata mara moja. Majina yote ya mafaili yakaonekana, kila moja na ukubwa wake.

Zikapita wiki mbili sikuifungua. Kisha dada yangu mkubwa akaomba picha za mama. Nikachomeka flashi. Folda ya kwanza ikafunguka vizuri, picha zinang'aa. Nikasogea mbele. Nikafika picha moja ya mama amesimama mlangoni, kichwa na mabega vinaonekana, ameanza kutabasamu, na kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu. Nikadhani bado inafunguka. Nikasubiri. Nikabofya inayofuata: haifunguki. Inayofuata: haifunguki. Mamia kwa mamia ya picha, jina lipo, ukubwa upo, megabaiti 4, megabaiti 5, ndani hamna kitu.

Nikampigia muuzaji. Mara ya kwanza akasema kompyuta yangu ina virusi. Mara ya pili akasema "ulichomoa bila kuaga mashine", yaani nilichomoa vibaya. Mara ya tatu akasema nifomati tu, yaani nifute vyote, itakuwa mpya, akasema "itakuwa mpya" kana kwamba nimemlilia kikombe kilichovunjika. Mara ya nne hakupokea, na hajapokea mpaka leo.

Nikampelekea fundi, kijana mpole, hata hakuifungua. Aliishika tu, akauliza nimenunua kwa bei gani, nikamwambia, akatikisa kichwa. Kwanza akanakili vilivyokuwa vinafunguka akaviweka pembeni. Kisha akaifuta flashi yote, akaendesha programu inayoitwa H2testw. Ni ya bure, ilitoka kwa watu wa jarida la kompyuta la Ujerumani, na kazi yake ni moja: inaandika mafaili yake kwenye flashi, halafu inarudi kuyasoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Hakuijaza yote, aliiambia iandike gigabaiti 100. Tukasubiri saa nyingi. Jibu likaja: zilizo hai ni gigabaiti 29 na kitu, zilizobaki zote data imepotea. Ni chipu ya gigabaiti 32 iliyovikwa joho la terabaiti 2.

Nikamwambia haiwezekani, kompyuta yenyewe ilisema mbili. Akanieleza kitu ambacho sikufundishwa, na sidhani kama ticha naye alikifikiria. Kompyuta haiendi kupima ndani ya flashi kuna nafasi kiasi gani. Inaiuliza flashi, "Una ukubwa gani?" na ndani ya flashi kuna chipu ndogo inayojibu. Hawa washenzi wanaingia kwenye programu ya ile chipu wanabadilisha jibu. Kompyuta inaamini, inakuonyesha. Kwa hiyo nilichokiona siku ile dukani hakikuwa ushahidi wa kompyuta, kilikuwa ni maneno ya muuzaji yamepitia kwenye skrini. Na nafasi ya kweli ikiisha, flashi inaendelea kuitikia "nimepokea, nimepokea" huku inatupa. Nyingine, alisema, zinarudi mwanzo na kuandika juu ya vile ulivyotangulia kuweka, hizo zinaua hata vya kwanza. Majina yanabaki kwa sababu orodha ya mafaili inakaa mwanzoni kabisa, sehemu iliyo ya kweli. Ile picha ya mama iliyokatika ndipo gigabaiti za kweli zilipoishia. Mpaka wenyewe ni pale kifuani.

Nikamwuliza habari ya vile nilivyovikata, si vipo kwenye pipa la taka la kompyuta? Havipo. Ukikata kutoka diski moja kwenda nyingine haviendi kwenye pipa, vinafutwa moja kwa moja kila kimoja kinapomaliza kunakiliwa. Na kompyuta yangu ina SSD, diski ya chipu isiyozunguka, ambayo yenyewe husafisha sehemu zilizofutwa, kwa hiyo hata zile programu za kufufua mafaili hazikuleta kitu. Sauti ya mama imekwenda.

Na ile 1.81? Watengenezaji wanahesabu terabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows inagawanya kwa 1,024, mara nne. Terabaiti 2 za boksini zikigawanywa hivyo zinatoka 1.81. Mwenzangu ndiye mwenye diski halali! Lile somo la 1,024 lilifundishwa, mimi nilikuwa nasinzia nyuma nikisema hesabu za nini tena. (Wenye Mac msichanganyikiwe, yenyewe inahesabu kwa elfu, kwenu hata ya kweli itaonyesha 2.)

Huyu mtu anajua anachokifanya. Si kwamba naye ameuziwa bila kujua. Asiyejua hawezi kuwa na jibu la 1.81 mdomoni tayari. Asiyejua hakwambii "weka kidogo kidogo". Alichokuwa anataka ni mimi nichelewe kufika gigabaiti ya 30, nikifika boksi nimeshalitupa na sura yangu ameshaisahau. Kwa nini mtu huyu yuko nje? Akiiba mtu kuku anakimbizwa mtaa mzima, huyu ameiba sauti ya mama yangu na amekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Afungwe. Na kabla ya kufungwa akalishwe kitini, azichomeke flashi zake zote moja moja azijaze mpaka mwisho, kwa ule mwendo wake wa megabaiti 10 kwa sekunde. Fundi alipiga hesabu, terabaiti 2 kwa mwendo huo ni zaidi ya siku mbili bila kulala. Azifanye zote, boksi zima, tumsimamie kwa zamu. Nimeshaandika malalamiko rasmi, boksi na risiti ninavyo, na matokeo ya kipimo nimeyapiga picha. Yeyote mwenye risiti yake tuungane, mtu mmoja atamwita mwongo, watu kumi hawezi.

Mnaouliza mtazijuaje: bei, kwanza bei. Fundi alisema flashi za terabaiti 2 za kweli zipo, Kingston walitangaza yao mwaka 2017, lakini si kitu cha kuuzwa kwa hela ya kutupa. Ikiandika TB 2.00 kwenye Windows kimbieni. Mwendo wake pia, yangu ina plastiki ya bluu mdomoni kama za USB 3, zile za kasi, lakini inatambaa. Kucheza video moja si kipimo, hata ya gigabaiti 1 ingecheza. Kipimo ni ile H2testw, wenye Linux wana F3 inayofanya kazi hiyohiyo, na mpime kabla hamjaweka kitu chochote, maana kwenye flashi bandia vipimo hivi vinaweza kuandika juu ya vilivyomo. Na msikate. Nakilini, mfungue mafaili ya mwisho kabisa muone yanafunguka, si yale ya mwanzo. Mengine aliyosema fundi nimesahau, nilikuwa nalia.

Nimemaliza kuandika nikapata simu ya shangazi. Alichukua mbili kwake, kwa kunisikiliza mimi, na moja ameshaanza kuwekea picha za babu. Nimemwambia aichomoe asiguse kitu. Naenda huko sasa hivi.