Tovuti ya nyaraka za meli: Togo wanaijua, Tanzania hawaijui

Mwenzenu nimekatwa hela na tovuti moja inayouza nakala za nyaraka za meli za zamani, na nakala yenyewe hadi leo sijaitia machoni. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Nilikuwa nafuatilia Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja Septemba 1914, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Nilitaka daftari la kumbukumbu za safari la Severn, mojawapo ya zile meli mbili za mizinga zilizoingia deltani Julai 1915 kuimaliza. Kumbe zilijengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, ndiyo maana ziliweza kupita kwenye maji machache! Shuleni nani alituambia? Na kutafuta mle ndani, niseme ukweli, ni raha tupu. Hata ukikosea herufi wanakuletea unachotaka.

Nikalipa kwa kadi ya simu, hela ikatoka papo hapo. Ndipo ikaja fomu ya kuthibitisha nchi. Nashuka kwenye T: Thailand ipo, Togo ipo, Tonga ipo. Tanzania hakuna. Nikaenda hadi Z, labda wametuandika Zanzibar. Wapi!

Nikawauliza huduma kwa wateja, nikaambiwa nichague Uingereza. Nikachagua. Punde akaunti ikafungwa, eti nchi na kadi haviendani. Nikamrudia yule yule aliyenituma. Akajibu kwamba wateja wa maeneo yetu wana kawaida ya matatizo kama haya, akafunga mazungumzo. Hata samahani hakuna.

Maeneo yetu! Meli imezamia Rufiji. Ndege za Waingereza za kuelekeza mizinga ziliruka kutoka Mafia. Mizinga kumi ya Königsberg ikaopolewa na Wajerumani na kukokotwa nchi kavu kuendeleza vita, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, nenda kaushike kwa mkono wako. Halafu mtu wa Dar akitaka kusoma habari hiyo anaonekana tapeli.

Kwa hasira nikahamia kwenye kazi ya Old Weather, wale wa kujitolea walionakili madaftari ya manowari za Uingereza za vita ile ili wanasayansi wapate takwimu za hali ya hewa. Bure kabisa, na hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Ila unapekua mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, joto, upepo, joto, upepo, na bando linakwisha.

Kwa hiyo siwezi kudanganya, kwa kutafuta wale wezi ni hodari zaidi. Wapeni nyota mbili. Wakiongeza nchi moja tu kwenye orodha yao huenda nikarudi. Hapana, sirudi, na hiyo nyota ya pili naiondoa. Warudishe hela yangu kwanza.