Fimbo ya zander kwenye bahari ya Kunduchi: uzoefu wangu wa kipupwe kizima

Seti yenyewe ya kuvulia zander, samaki wa Ulaya, ni hii: fimbo ya mita 2.1 inayobeba chambo cha gramu 10 hadi 30, rili (kifaa cha kukunjia uzi) ndogo ya saizi 2500, uzi wa kusuka wa milimita 0.12, vichwa vya risasi vyenye ndoano vya kuzamishia chambo, na boksi la samaki wa mpira wa sentimita 10 na 12. Binamu yangu anayeishi Rotterdam, Uholanzi, ndiye aliyeinunua, akampa mtu aliyekuwa anakuja likizo, nami nikamrudishia hela yake. Kwa hesabu ya huku ilifika shilingi 310,000. Hela hiyo inauma, na kabla sijaitoa nilitafuta mtu yeyote wa Dar aliyewahi kuvua baharini kwa vifaa vya aina hii nikamkosa. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Vifaa hivi vimetengenezwa kwa ajili ya zander, ambaye Waholanzi wanamwita snoekbaars. Ni samaki wa maji baridi kwa maana zote mbili: anaishi mitoni, kwenye mifereji na maziwa yasiyo na chumvi, na mwezi wa Januari maji hayo yanashuka mpaka nyuzi 4 au chini ya hapo. Kwa umbo anamkumbusha mtu sangara wa Ziwa Victoria, ila ni mwembamba zaidi na mbele ana chonge kama za mbwa. Macho yake yanang'aa kama ya paka, kwa sababu nyuma ya jicho kuna tabaka linalorudisha mwanga. Kwa hiyo anawinda jioni na kwenye maji ya tope, wakati samaki wadogo hawaoni vizuri.

Baridi ikikolea, mwili wake unapoa sawa na maji. Anashuka kwenye kina, anakaa karibu na chini, hafukuzi kitu. Ukimpitishia chambo mbio hageuki. Mvuvi wa kule anashusha samaki wa mpira mpaka aguse chini, anamwinua shubiri moja au mbili, anamwacha ashuke polepole, anangoja. Mara nyingi zander anamchukua wakati ule wa kushuka, na kuuma kwenyewe ni kudogo mno, kama mtu amegusa uzi kwa ukucha. Fimbo hizi zinatengenezwa nyepesi na ngumu, zenye ncha ya kuhisi, ili mguso huo ufike mkononi.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Bahari yetu haifiki baridi ya namna hiyo, tusidanganyane. Mwezi wa Machi maji ya Dar yanakaribia nyuzi 30, Agosti yanashuka kwenye 25 hivi, basi. Lakini kila anayevua mshipi anajua upepo wa kusi ukishaingia mambo yanabadilika: maji yanachafuka, na changu, ambaye Februari anapiga chambo kwa kishindo, anaanza kudokoa. Unavuta ndoano tupu asubuhi nzima. Nikasema, kama kuna kifaa cha kuhisi samaki mvivu kwenye maji machafu, hiki hapa.

Safari ya kwanza, mwishoni mwa Juni, haikuzaa kitu. Nilitoka Kunduchi na nahodha ninayemwamini, mzee ambaye amevua maji haya tangu ujana wake. Tulipita mbali na Mbudya, maana kule ni hifadhi tangu 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, hakuna ruhusa ya kuvua. Tukaenda kwenye mwamba upande wa Mbweni, kwenye kina cha pima nane. Nilipotoa samaki wangu wa mpira, mzee alimshika, akampinda mkia, akanitazama.

"Mwanangu, hiki ndicho chambo?"

"Ndicho, mzee wangu. Wenzetu wanavulia."

"Haya. Bahari itatuambia."

Bahari ilituambia mapema. Ilikuwa bamvu, siku za maji makubwa, mkondo unakimbia, na kichwa cha gramu 14 hakikufika chini hata mara moja. Kilipeperushwa nyuma ya boti kama kishada cha mtoto. Nikaweka gramu 21, kizito kuliko vyote kwenye seti, ikawa afadhali kidogo tu. Saa tatu nzima sikujua kama nimegusa mwamba au maji. Hili ni la kwanza kulijua kabla ya kununua: uzito unaokuja na seti ni wa mito na mifereji yao, na kwa bamvu la Dar hautoshi.

Jioni nikampigia binamu. Akaniuliza namwinua chambo kwa kasi gani, nikamweleza. Akasema, "Kaka, unaharakisha. Huku mtu akishafika chini anahesabu mpaka tano ndiyo anainua, na Januari anahesabu mpaka kumi." Akaniambia pia niangalie uzi badala ya ncha ya fimbo, kwa sababu wakati chambo kinashuka uzi ukilegea ghafla kabla ya wakati wake, kuna samaki amekibeba.

Nikangoja maji mafu, siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana. Nikaangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, upepo ulikuwa wa kiasi, tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya kipupwe juu ya maji, ukiwa na fulana iliyoloa, mtu wa Dar anaisikia mpaka kwenye meno. Tukatia nanga mwamba uleule. Jua lilikuwa halijatoka.

Nilishusha samaki mweupe wa sentimita 10 kwenye kichwa cha gramu 21. Safari hii nilimsikia akigusa chini: dundo dogo, uzi ukalala. Nikahesabu mpaka tano. Nikainua shubiri mbili, nikamwachia ashuke huku nafuata kwa ncha. Mara ya nne au ya tano hivi, katikati ya kushuka, nikasikia kitu kama punje ya mchele imeangukia meza. Kwa mshipi wa mkono nisingekisikia kabisa. Nikabetua fimbo, ikapinda, breki ya rili ikaanza kulia. Alikuwa changu wa kilo moja na zaidi, ndoano imeingia sawasawa kwenye pembe ya mdomo. Mkono ulikuwa unanitetemeka wakati namtoa kwenye wavu. Miaka yangu yote ya kuvua, sijawahi kumfahamu samaki mapema kiasi kile.

Siku hiyo mzee alipata tisa kwa ngisi na mshipi wa mkono, mimi nikapata sita kwa mpira. Kwa hiyo anayetafuta kitoweo cha haraka abaki na ngisi wake. Lakini wadogo wanaomaliza chambo cha ngisi hawakunisumbua mimi, na wote sita walikuwa wa kutosha kuwekwa sahani nzima. Rangi nayo ina neno: ile ya kijani cha ndimu ambayo binamu anaisifia kwa maji ya tope, kwangu ilifanya vibaya. Nyeupe na ile ya fedha ndizo zilizokula, pengine kwa sababu zinafanana na dagaa.

Sasa kasoro, na zipo. Kubwa kuliko zote ni chumvi. Ndoano za vichwa vile ni za maji yasiyo na chumvi. Safari ya pili tu zilikuwa na kutu ya rangi ya chai, ya nne moja ikakatika na chewa akaondoka nayo. Rili nayo ilianza kukwaruza kama imemeza mchanga. Nilipoifungua, beringi moja ilikuwa na chumvi imeganda pembeni. Sasa nikirudi tu naiosha kwa maji ya bomba, naikausha kivulini, natia tone la mafuta ya cherehani, na bado naamini haitamaliza mwaka. Anayenunua kwa matumizi ya bahari achukue fimbo na samaki wa mpira, rili anunue nyingine iliyotengenezwa kwa maji chumvi.

La pili ni samaki aitwaye bunju. Yule ana mdomo kama koleo. Asubuhi moja alinikatia mikia minane, na samaki wa mpira bila mkia hana uhai wowote majini. Ukivuta ukakuta alama ya duara safi mahali pa mkia, hama, usibishane naye.

La tatu ni nguvu. Mwezi wa Julai kolekole alichukua chambo, akakimbia, na uzi wa milimita 0.12 ulikwisha kwenye rili huku mimi nimesimama. Sikumwona hata mgongo. Kifaa hiki hakikukusudiwa samaki wa mbio kama yeye.

Kuna jambo moja la wazander linalotuhusu sana. Kule, wanaovua kwa kuachia samaki wanaogopa kuvua kina kirefu wakati wa baridi, kwa sababu zander akipandishwa kutoka chini, hewa iliyo kwenye kibofu chake inatanuka na anaumia, hata ukimrudisha hafiki mbali. Sisi tunaliona kila siku kwa chewa: anafika juu utumbo umetokeza mdomoni, macho yamevimba. Chewa mdogo wa hali hiyo ukimtupa baharini anaelea, kunguru wanamaliza. Kwa hiyo mwamba ukianza kunipa chewa watoto, naomba tung'oe nanga. Mzee hapingi.

Kwa jumla fimbo naipa alama 9 kwa 10, samaki wa mpira 7, vichwa vya risasi 4, rili 3. Ningenunua tena fimbo leo leo.

Mwezi wa Agosti mzee aliniomba samaki mmoja mweupe. Akamfunga kwenye mshipi wake wa mkono, na chubwi lake zito la kuzamishia mshipi juu kidogo, akakaa kimya anahesabu kwa midomo. Alimtoa chewa wa kilo tatu. Sasa kwenye ndoo yake ya mishipi, kati ya ndoano na vipande vya ngisi, kuna samaki wa mpira watatu, na ameniambia nikiagiza tena niagize na vya kwake.

Ninachotafuta kwa sasa ni vichwa vya risasi vya gramu 28 na 40 vyenye ndoano zisizoshika kutu. Aliyeviona dukani hapa Dar aniambie na bei.