Miwani ya kuogelea, miezi mitatu ya kuitumia: nyota nne

Jamani hii miwani naipenda, mi naogelea mara tatu kwa wiki bwawa la mita 25, nilianza na raundi nane tu pumzi inakata, saivi napiga 40 (nahesabu kwenda peke yake) yani kilomita nzima, na macho hayawashi kabisa coz mpira wake unashika vizuri kuzunguka jicho, maji hayaingii hata nikijisukuma ukutani kwa nguvu. Kamba ndo shida, inalegea, kila siku kadhaa naikaza upya, hapo ndo nimekata nyota moja. Na plizi ndani usifute kwa kidole wala taulo, ile dawa ya kuzuia ukungu inatoka, suuza tu na maji safi, anika kivulini.