Mwalimu mgeni Umasaini: ukae mjini au kijijini?

Ukipangiwa shule ya msingi Monduli au Longido, njia ni mbili: upange chumba Arusha mjini na kudandia gari kila alfajiri, au uhamie kijijini.

Mjini kuna umeme, maji na wenzako wa kuongea nao. Simlaumu anayechagua hivyo. Ila kengele ya mwisho ikilia macho yako yako barabarani, na wazazi wanaliona hilo mapema sana.

Kijijini ndiko nilikojifunzia kazi. Jioni nilipita kwenye maboma. Watoto walikuja wameinamisha vichwa niwaguse utosini. Hiyo ndiyo shikamoo yao. Wiki ya kwanza sikujua, nikawanyooshea mkono, wakabaki wameinama. Mama mmoja akanisalimu, "Takwenya," akanifundisha kuitikia, "Iko." Kesho yake mwanawe, ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani, alininong'oneza jina la ndama wake.

Ukikaa mjini, mtoto asipofika unaandika mtoro. Ukikaa kijijini unajua kiangazi kimempeleka mbali pamoja na ng'ombe, unamfuata baba yake au laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, mnapanga nani atabaki na mifugo.

Mimi nachagua kijijini, hata kama maji ni ya kubebwa na punda. Lakini kuhamia peke yake hakutoshi: jitambulishe kwa wazee kabla ya kushika chaki, na usiruhusu mtoto achekwe kwa Kiswahili chake. Nyumbani anaongea Kimaa. Kiswahili amekikuta shuleni.